Mgeni wa Baba na Kisima cha Pujini

Siku zetu sisi, mgeni akishuka Pemba hakumaliza wiki bila kutembezwa. Nasema nanyi mliocheza nage mpaka mkaitwa kwa fimbo. Hoteli hazikuwapo, mgeni alikuwa wa mtaa mzima. Sisi wa Madungu tulimpeleka Pujini kuona magofu, kwa gari la ng'ombe, na wali wa nazi ndani ya kapu umefunikwa kawa. Wali ule ukifika Pujini umeshashika harufu ya ukindu, na ndio utamu wake. Vijana wa leo mnakula wali wa kwenye foili mkasema mmekula, haya.

Mtembezaji nilikuwa mimi, kitoto cha miaka minane, domo halina mlango. Hadithi ya magofu nilipewa na bibi mzaa baba, na sikuacha hata neno.

Mwaka ule, karafuu zimekwisha kuanikwa, baba alirudi kutoka Unguja na mgeni, mwanamke kijana akiitwa Bi Salma. Akatwambia ni jamaa yake wa upande wa shangazi, amekuja kubadili hewa. Mama alifurahi kweli. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema, akamtandikia kitanda chake mwenyewe na kumchinjia kuku aliyekuwa akitaga. Majirani wakaja kusalimia, wakala, na macho yao yakawa kwa mama zaidi kuliko kwa mgeni. Mimi nikadhani mama amependeza.

Siku ya tatu tukaenda Pujini, mama, Bi Salma na mimi. Baba alisema ana shughuli mjini. Njiani wale wawili walicheka mpaka mwenye ng'ombe akageuka kutazama. Mama alimfundisha maneno ya Kipemba, wakamenya chungwa moja wakagawana.

Nikawaonyesha kuta, nikawaonyesha handaki, kisha kisima. Nikapanda juu ya jiwe. "Mwenye ngome hii alikuwa na wake wawili. Akajenga ukuta katikati ya kisima wasionane. Mmoja akishuka ngazi, mwenziwe akiteka kwa ndoo na kamba." Halafu, kwa kiherehere changu, nikatia la kwangu: "Bi Salma, wewe kaa huku kwenye ngazi, mama akae kule, tucheze wake wenza!"

Bi Salma alikaa chini mavumbini na buibui lake, akaanza kulia. "Dada," akamwambia mama, "wallahi mimi niliambiwa unajua. Niliambiwa umeridhia."

Mama hakupiga kelele. Aliushika ukuta wa kisima. Kisha akafunua kawa, akapakua wali, akamtilia mgeni kichwa cha samaki. "Kula, mwenzangu. Njia ndefu, na wewe huna kosa." Yeye mwenyewe hakutia kitu kinywani.

Kisima cha nyumbani hakikuwa na ukuta. Miezi mitatu mama aliteka maji asubuhi, Bi Salma alasiri. Mwisho mama akadai talaka yake, akafunga nguo, akarudi kwao Gando. Sisi watoto tulibaki kwa baba, ndivyo ilivyokuwa. Bi Salma alinilea vizuri, Mungu amlipe, lakini hadithi sikusimulia tena. Nilijua mdomo wangu ndio uliomtoa mama nyumbani, na nililia kwa hilo miaka mingi.

Nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe ndipo nilipokwenda Gando kumwomba radhi. Alikuwa akisuka ukili, wala hakuuacha. "Mtaa mzima ulijua, mwanangu," akasema. "Ndugu zangu walijua. Wote walikula kuku wangu wakanyamaza. Ni wewe peke yako uliyenambia."

Siku hizi mjukuu wangu ndiye anayetembeza wageni Pujini. Gari la kiyoyozi, nusu saa, picha tatu, wanarudi. Juzi kanionyesha kwenye simu wasichana wawili, mmoja huku na mmoja kule kisimani, wanacheka. "Bibi, wanacheza wake wenza!" Nikamrudishia simu yake.

Wageni wa leo hupewa soda na chumba cha kulipia, kisha wakaenda zao. Enzi zetu mgeni hakunyimwa kitu. Mama yangu alimpa kitanda, akampa kuku, akampa kichwa cha samaki, mwisho akamwachia nyumba.