Taa ya Najib na Redio ya Mkwewe
Najib wa Likoni ni fundi, na shahidi wake mkuu ni yeye mwenyewe. Shahidi wa upande wa pili ni Bi Jalila, mamake mkewe, anayeishi nao nyumba moja. Kwa miaka tisa amemwita "huyo mwenye kufungua vitu". Kuvifunga, asema, huachiwa wengine.

Basi Ramadhani hii stima ilipozoea kukatika kila magharibi, Najib aliona zamu yake imefika. Alitaka jambo moja tu: mama huyo amwite fundi, kwa mdomo wake, japo mara moja. Mtu mwingine angenunua taa ya sola dukani. Najib ni msomi, mambo mepesi hayataki. Alichukua betri ya tuktuk, akaiunga na transfoma ya redio iliyokufa, kinyumenyume, ili umeme mdogo upande uwe mkubwa na kuwasha taa ya tyubu, kisha akafunga transista moja nene kwenye kifuniko cha sufuria ya pilau ili kinyonye joto lake isije ikaungua. Mkewe, Rahima, aliuliza pilau itafunikwa na nini. Akajibiwa kwamba sayansi ina gharama zake.

Siku ya ishirini na tisa stima ikakatika tukiwa kwenye futari. Najib akabonyeza swichi. Taa ya tyubu ikapepesa, ikawaka nyeupe pe. Mimi ni jirani tu, nilikwenda kula cha bure, lakini wallahi ilikuwa taa nzuri.

Bi Jalila hakuitazama. Alikuwa na redio yake ya betri sikioni akingoja habari za mwezi, kwani mwezi wa kwenye simu haumwingii akilini. Redio ikaanza kunguruma kama mashine ya kusaga.

"Najib, redio imeharibika. Hebu itazame, kama waweza."

Akaifungua mbele yetu, akapuliza vumbi, akagusa hiki na kile. Mngurumo uko palepale. Kisha nikamwona akiinua macho polepole hadi kwenye taa, uso ukamshuka. Kelele zilitoka kwenye mtambo wake.

Akazima taa, eti betri ipumzike. Papo hapo sauti ya mtangazaji ikatoka safi: mwezi umeandama, kesho ni Idi.

Bi Jalila alipapasa gizani hadi akalipata bega la Najib.

"Leo nimekubali, mwanangu. Wewe ni fundi kwelikweli. Lakini hiyo taa yako katupe, haikufika hata robo saa."

"Inshallah, mama," alijibu Najib, kwa sauti ya mtu anayetaka kulia.