Blanketi Moja kwa Watu Wawili

Mtu akiniuliza umisionari wa uzeeni ukoje, namjibu: ni kuwa na mume wako kuanzia alfajiri mpaka usingizini, bila pa kukimbilia. Miaka yote tuliishi kwa amani kwa sababu yeye alikuwa na shule yake na mimi nilikuwa na wodi yangu. Yeye mwalimu mkuu, mimi muuguzi. Tulikutana jioni, tukala, tukasali, tukalala. Kisha tukastaafu, na kanisa letu kule Kisii likatuomba tuvuke mpaka tukahudumu Hanang, nchini Tanzania. Kanuni ya kwanza tuliyosomewa ilikuwa kwamba mume na mke hutumwa kama mtu mmoja. Hakuna anayesafiri bila mwenzake, na mmoja akirudi nyumbani, huduma ya wote wawili imekwisha. Niliitikia amina kwa sauti kubwa. Si nilidhani ni maneno tu ya ibada!

Tukapewa nyumba Gendabi, ubavuni mwa kanisa. Watu wa kule nawapenda, niseme hilo mapema. Walitupa maharage, mbaazi, maziwa mgando, na kuni walizobeba mgongoni wenyewe. Lakini mimi ni mtu wa milimani, wa migomba na vichochoro. Kwetu ukitaka kulia unaingia nyuma ya mgomba, unalia, unatoka. Gendabi ni uwanda. Unaona mlima kule, unaona ng'ombe huku, na wote wanakuona wewe. Nikitoka kwenda chooni nakutana na shikamoo nne. Kwetu tunashikana mikono, basi, yameisha. Huku mtoto anasimama, anainamisha kichwa, anangoja marahaba yake, na usipoitoa haondoki. Nilikuwa naitikia marahaba hata nimeshika karatasi ya chooni. Jamani!

Mzee wangu yeye alinawiri. Kwetu alikuwa mstaafu tu, anabishana na redio. Huku alikuwa Baba Mmisheni. Wafugaji waliokuwa hawajawahi kukanyaga kanisani walikuja kukaa naye, wakaongea mifugo hadi jua likageuka. Alianza kutembea kifua mbele. Nilifurahi kumwona hivyo, sikatai. Ila kila alipokwenda ilibidi niende. Tukienda kusalimia waumini wa Balangdalalu tunapanda bodaboda moja, mshikaki: dereva mbele, mzee wangu katikati, mimi nyuma nimekumbatia tumbo lake, vumbi lote langu. "Mama, uko sawa huko?" ananipigia kelele. Nitamjibu nini, na mdomo umejaa mchanga?

Mimi nilivumilia kwa sababu ya kitu kimoja. Muda wetu ulikuwa unaisha baada ya mavuno, na baada ya mavuno ningekwenda kwa mama yangu.

Mama anaishi na mdogo wangu wa mwisho, na kumbukumbu zilikuwa zinamponyoka. Kwanza alisahau majirani. Halafu akasahau wajukuu, akawa anawaita watoto wa watu. Halafu akamsahau kaka yangu mkubwa, mtoto wake wa kwanza, akamkaribisha chai kama mgeni. Mimi nilikuwa bado. Nikipiga simu Jumapili, akisikia sauti tu, anasema, "Ni wewe? Unakuja lini?" Namwambia, "Baada ya mavuno, mama." Anafurahi kabisa. Jumapili inayofuata anauliza tena, anafurahi tena. Nilitaka nifike kabla hajanisahau. Sikuwa na ombi lingine kwa Mungu, na nilimwambia hivyo kila siku.

Mavuno yakafika. Kiongozi wa kanisa alishuka kutoka Mbulu, ibada ikafurika, watu wakakaa hadi nje. Mwisho tuliitwa mbele. Akina mama wakaja wakiimba, wameshika blanketi kubwa, zito, la baridi ya Mbulu, wakatufunika nalo sote wawili pamoja, bega kwa bega, wakalibana kifuani kwa pini. Vigelegele! Nikajua ndiyo kuagwa huku. Nikamwona mama yangu akilini, amesimama mlangoni kwake, nikalia mbele ya kanisa zima bila aibu. Mzee wangu akashukuru, sikusikia vizuri alichosema kwa kilio changu, na watu wakapiga makofi kana kwamba wamepata mvua.

Nje, tulipofungua pini na blanketi likabaki mabegani mwangu, mwenyekiti wa akina mama, mkulima kutoka upande wa Mbulu na rafiki yangu wa kweli, alinikumbatia. Nikamwambia, "Nitawakumbuka sana."

Akanishangaa. "Kwani unakwenda wapi, mama?"

"Si nakwenda nyumbani! Si mmetuaga?"

"Tumewafunika," akasema. "Anayeondoka hafunikwi. Anayeondoka anapewa kitu mkononi, cha njiani. Tumewafunika mkae. Baba si amekubali? Na wewe umelia kwa furaha, tumeona wote."

Nilikaa chini palepale kwenye vumbi na blanketi langu.

Nyumbani sikungoja hata avue koti. "Umekubali nini wewe?"

"Wameomba tuongeze muda," akasema. "Wewe mwenyewe ulilia. Nilijua umeguswa."

"Nililia kwa sababu nakwenda kwa mama!"

"Sasa ungesema."

"Ningesema wapi? Ndani ya blanketi?"

Alivua koti, halafu akasema taratibu, kama anayemtuliza mzazi mkorofi ofisini, "Hawa watu wanatuhitaji. Mama yako ana watoto wengine."

Niliumia. Sijui niandike vipi zaidi ya hapo. Niliumia hadi meno. Nikamnunia. Lakini hebu jaribu kumnunia mtu mnayelala chumba kimoja, mnayekwenda pamoja kila mahali, na mnayetakiwa kusimama mbele ya watu mkifundisha semina ya ndoa! Tulifundisha. Nilisema maneno yote mazuri kuhusu kusikilizana, nikitazama ukuta. Akina mama wakaandika.

Ningeweza kuondoka? Miguu ninayo. Basi la Katesh lipo, la Singida lipo, Mwanza nafika, Sirari navuka. Nililala nikiipita njia hiyo kituo kwa kituo. Lakini nikiondoka, naye ameondolewa. Angerudi kwenye kiti chake na redio yake, mtu aliyekatwa katikati, na kila akinitazama angemwona aliyemkata. Na akina mama wale, na kuni zao za mgongoni? Wangesema hawakutupendeza. Kufungwa na mtu mbaya kuna nafuu, unampigia kelele hata kama hafungui. Mimi nilifungwa na watu wema, na usiku nilikuwa nawakasirikia wote kwa majina.

Mvua zikaanza, udongo mweusi ukawa gundi, magari yakakwama, na hata kule Balangdalalu hatukwenda. Tukabaki ndani, yeye, mimi, na mvua juu ya bati. Jumapili mbili sikumpigia mama. Niliogopa kuulizwa nakuja lini, maana mavuno yalikuwa yamepita.

Jumapili ya tatu mdogo wangu alipiga mwenyewe. Tulikuwa tumetoka ibadani. Mtandao Gendabi unashika vizuri nyuma ya kanisa, kwa hiyo nikazunguka huko, na mzee wangu akanifuata na mwavuli, kwa mazoea tu. Kwa kelele za mvua niliweka spika, na mdogo wangu akamsogezea mama simu.

"Mama, ni mimi," nikasema.

"Nani?"

"Mimi, mama. Wa kwanza wa kike."

Nikaisogeza simu mdomoni. Nikasema moyoni, tayari, nimechelewa.

Kisha akasema, "Aa. Wewe ndiye yule tuliyemwoza mbali."

"Ndiyo, mama," nikasema. Nilikubali tu. Ningekubali chochote.

"Wanakupiga huko?"

"Hapana, mama."

"Wanakunyima chakula?"

"Hapana. Wananipenda."

"Mbona basi huji?"

Mvua ilikuwa inagonga mwavuli, na mzee wangu amesimama karibu hadi nasikia anavyopumua.

Mama akashusha sauti, kama mtu anayeongea huku wakwe wakiwa sebuleni. "Sikiliza, mwanangu. Kama wamekufungia huko, sema, usiogope. Ng'ombe wao wote wapo zizini. Hakuna hata mmoja tuliyemgusa. Nitawarudishia leo hii, na wewe uje nyumbani."

Ng'ombe wale wa mahari waliisha zamani. Walilipa karo za wadogo zangu, mmoja baada ya mwingine, na huyu mdogo aliyeshika simu ndiye aliyesomeshwa na wa mwisho. Na aliyewaleta ni huyu aliyenishikia mwavuli. Aliwaswaga mwenyewe na baba yake hadi uani kwetu, kijana mwalimu mwenye suruali moja nzuri, na mama yangu akawahesabu kwa kidole akicheka.

Nililia, na safari hii hakuna aliyeweza kuelewa vibaya.

Mzee wangu alinipa mwavuli, akaichukua simu mkononi mwangu. Mvua ikamlowesha kichwa chote, naye hakusogea.

"Mama," akasema, na sauti ya mwalimu mkuu haikuwepo. "Usiwarudishe ng'ombe. Namleta. Kesho naongea na wakubwa wangu, njia ikipitika tu, namleta."

"Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyemchukua."

Mama alifikiri. Tulimsikia akifikiri.

"Basi fanya haraka," akamwambia. "Mimi siku hizi nasahau."