Dawa ya Meno ya Bibi Kibogoyo

Mniwie radhi, kisa hiki nitakiharibu, maana kila nikifika penye utamu nacheka kabla yenu.

Jumamosi moja duka la ushirika pale Kariakoo lilipata dawa ya meno, iliyokuwa imeadimika kwa miezi! Foleni ikazunguka mtaa mzima. Mbele yangu alisimama bibi mmoja kibogoyo, hana hata jino la kusingizia, na ndiye aliyepata ya mwisho. Roho iliniuma.

"Shikamoo, bibi," nikasema kwa sauti ya jukwaani. "Hiyo utaipaka kwenye mkate?"

Foleni ikacheka, nami nikacheka kuwashinda wote. Bibi akageuka taratibu, akanishika kidevu kama anayekagua mbuzi mnadani.

"Marahaba. Hebu cheka tena, mwanangu."

Nikacheka.

"Fizi zako zinatoka damu. Mimi nilianza hivyo hivyo, nikaona mzaha. Hii nilikuwa nawapelekea wajukuu, lakini wao nitawachongea miswaki ya mti. Chukua wewe, usugue asubuhi na usiku."

Akanitia dawa mkononi, akaenda zake.

Leo wiki ya tatu. Fizi bado zinatoka damu, na dawa imo kabatini, haijafunguliwa. Nimeiwekea wageni.