Maziwa Niliyoyakataa Mkuyuni

Walisema sitamaliza mwezi mmoja Kisongo bila kula nyama. Waliosema hawakuwa watu baki: alikuwemo mjomba wangu, walikuwemo vijana niliochunga nao, na muuza supu wa njia panda aliyenipa wiki mbili tu. Nilipowaambia kwamba, mbali na kutokula, nitafungua kampuni ya kutembeza wageni wasiokula nyama, niwapeleke kwenye makanisa ya zamani, mahekalu, misitu ya matambiko na sehemu ambazo magari ya watalii hayafiki, mjomba alicheka mpaka akashika ukuta.

"Mtu apande ndege, aje Arusha, asione simba, asile mbuzi choma, aje kuangalia mti," alisema. "Halafu hela akupe wewe."

Walinipa. Huu ni mwaka wa sita. Nina magari mawili, nina nyumba ya vyumba vinne Sombetini niliyoijenga bila mkopo wa benki, na nina stashahada ya utalii niliyoisomea ugenini huku nikiosha vyombo hotelini. Stashahada hiyo iko ukutani sebuleni, na anayeingia huiona kabla hajaona kiti. Kwa miaka mingi kila aliyeniuliza nilimjibu kwamba sikusaidiwa na mtu. Mama yangu alikuwa akinisikia nikisema hivyo, na hakuwahi kunisahihisha.

Nilisaidiwa na kondoo watano. Yeyo, ndivyo tunavyomwita mama kwetu Waarusha, alikuwa mjane mwenye ng'ombe wawili na mbuzi wa kuhesabu kwa vidole. Nilipopata nafasi ya chuo na kukosa nauli, aliuza alichokuwa nacho, kikapungua, akaenda kwa wanawake watano, kila mmoja akampa kondoo wa kuuza. Kwetu mtu akikupa kondoo, tangu siku hiyo humwiti kwa jina lake. Unamwita Paker, naye anakuita Paker, hadi mmoja wenu azikwe. Hakuna karatasi, hakuna tarehe, na hakuna anayekuja kukukumbusha. Siku ukiwa na uwezo, unapeleka kondoo aliye hai. Kabla ya safari yangu Yeyo alikuwa na Paker mmoja tu, tangu usichana wake. Niliporudi baada ya miaka kumi na moja alikuwa na sita.

Nyama niliiacha hukohuko. Kabla ya kupata kazi ya hotelini nilifanya kazi miezi minane kwenye kiwanda cha kuku, nikisimama mahali ambapo wanapita wakiwa bado wanapepesa macho. Siku moja nilishindwa kula kuku, wiki iliyofuata nikashindwa kula ng'ombe, na baada ya kusoma zaidi nikaacha samaki, mayai, maziwa na asali. Nilikuwa na hakika, na mimi nikishakuwa na hakika na jambo si mtu wa kuyumba. Nilishika msimamo huo katika nchi ambayo hakuna aliyejali nakula nini. Sikujua kwamba hapo palikuwa ndipo pepesi.

Yeyo alininenepeshea kondoo wa kunipokea. Sikumgusa. Majirani wakamla, wakasifia mafuta yake, na mimi nikala makande makavu. Hilo alilimeza. Kilichomshinda ni kingine. Mtoto akirudi kutoka mbali mama yake humbariki kwa maziwa: anachovya majani mabichi kwenye kibuyu, anamnyunyizia kichwani na kifuani, na anamwombea. Yeyo alikuwa Mlutheri wa kwenda kanisani kila Jumapili, na hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Kwake mtoto ambaye hajanyunyiziwa alikuwa bado yuko njiani. Nilimwambia maziwa ni ya ndama. Akasema sawa, tutasubiri. Akasubiri miaka minne.

Mwaka wa tano miguu yake ilianza kuvimba, na daktari akasema ni moyo. Mimi nililipia kila kipimo, kwenye hospitali nzuri. Tulipokuwa tunarudi nyumbani, mara tu baada ya uwanja mdogo wa ndege, alisema, "Nipeleke kwenye hizo sehemu zako unazopeleka Wazungu. Huenda tukapata mahali ambapo utakubali nikubariki. Sitaki kuondoka nikakuacha hivi."

Nami nilitaka. Nataka hilo lieleweke. Nilitaka baraka ya mama yangu kama mtu yeyote anavyotaka, ila niliitaka kwa masharti yangu.

Nilianza na hekalu la Wahindu katikati ya mji, kwa sababu wale angalau hawali nyama. Yeyo alivua viatu vyake vya kanisani mlangoni na kuviweka sambamba na ukuta, akaingia akitazama maua na kengele kama mgeni wa heshima. Mzee mmoja wa hekalu alitupa kila mmoja kitamu cha mviringo cha unga wa dengu. Nilimuuliza kimekaangwa kwa mafuta gani. Akajibu kwa fahari kwamba ni samli safi, anaisimamia mwenyewe. Nikaunganisha viganja, nikamshukuru, nikarudisha. Yeyo alikula cha kwake, akanyoosha mkono akala na changu.

Tulipotoka alisema, "Umemnyima mzee wa watu furaha ya kukupa." Halafu, akilamba kidole, "Lakini ni tamu sana, baba."

Jumapili iliyofuata tulipanda upande wa Wameru, kwenye kanisa la mawe lililo kati ya migomba na kahawa. Wageni wangu hulipenda kwa sababu ya ukimya na kwa sababu akina mama wa pale huwapikia mboga ya mnafu bila kutia maziwa, maana nilishawafundisha. Ilikuwa Jumapili ya Chakula cha Bwana. Kabla ya ibada nilimfuata mchungaji, kijana mpole, nikamuuliza mkate wake una nini ndani.

"Ni mwili wa Bwana," alisema.

"Najua, mchungaji. Kabla ya hapo ulikuwa na nini?"

Akamwita mama anayeuoka. Mama akasema ni unga, maji, na maziwa kidogo ya kulainisha. Basi nilibaki kwenye benchi. Yeyo akaenda mbele peke yake, akijivuta na fimbo, akapiga magoti kwa shida, akarudi na kukaa bila kunitazama. Katika kanisa letu mtu mzima anayebaki amekaa wakati huo hueleweka kuwa ametengwa kwa dhambi fulani. Wakati wa kutoka mwanamke mmoja alimshika Yeyo mkono akampa pole kwa ajili ya mwanawe, na Yeyo akaipokea. Hakumweleza kwamba tatizo lilikuwa maziwa kidogo kwenye unga. Nadhani aliona dhambi ingekuwa rahisi kueleza.

Tulikwenda pia ziwa Duluti, lile lililo ndani ya shimo la volkano, lenye msitu kuzunguka. Askari wa msitu hupenda kuwasimulia wageni kwamba zamani watu walileta kondoo mweusi hapo kuomba mvua. Nilikuwa nimepanga jambo. Nilimwambia Yeyo maji haya ni safi na mahali hapa paliheshimiwa na wazee, kwa nini asininyunyizie maji. Aliinama, akachota kwa kiganja, akayatazama kwa muda mrefu, kisha akayaacha yadondoke.

"Maji haya siyajui," alisema. "Hayakutoka kwangu."

Hapo ningeweza kuelewa. Nina stashahada, naweza kusoma mizania ya hoteli nzima, lakini hapo sikuelewa.

Mahali pa mwisho palikuwa kwenye mkuyu wa matambiko. Uko juu, kwenye mteremko wa magharibi wa mlima Meru, na ni mkubwa kiasi kwamba watu sita wakishikana mikono hawauzungushi. Wanawake wa Kiarusha huenda pale kuomba watoto na mvua, wengi wao wakiwa wamevaa vitenge vya umoja wa wanawake wa kanisa. Siku tuliyokwenda nilikuwa na wageni sita, wote watu wa msimamo kama wangu, ambao walinichagua mimi kwa sababu kwenye tovuti yangu nimeandika kwamba katika safari zangu hakuna kitu cha mnyama kitakachowagusa. Yeyo aliomba kuja. Hali yake haikuwa nzuri, lakini alisisitiza, nikampa kiti cha mbele.

Alikuwa na kikapu kilichofunikwa kwa jani la mgomba. Sikuuliza. Tulipofika chini ya mti alikaa akapumua, kisha akafunua kikapu na kutoa kibuyu. Nilisikia harufu yake kabla sijakiona vizuri, harufu ya moshi wa mti anaotumia kusafishia kibuyu tangu niko mtoto. Alikuwa amemkamua ng'ombe wake alfajiri kwa mikono yake mwenyewe. Aling'oa majani, akayafunga fungu, akayachovya, akaja kwangu.

Wageni walitoa simu zao. Mmoja akauliza kwa sauti ya chini kama yale ni maziwa.

Nilimshika mama yangu mkono kabla hajauinua. "Yeyo, tumia maji. Nina chupa hapa."

Aliitazama chupa. "Maji ya dukani?"

Majani yalikuwa yakidondosha maziwa kwenye kiatu changu, na nilikumbuka kukisogeza.

"Haya," alisema. "Nitakubariki siku nyingine, wageni wako wakishaondoka." Akauendea mkuyu, akamwaga maziwa kidogo kidogo kwenye mizizi akiuzunguka polepole na fimbo yake. Alichukua muda mrefu. Alipomaliza wageni walimpigia makofi, naye akawainamia kidogo kwa adabu.

Waliporudi kwao waliandika mtandaoni kwamba mwenye kampuni hii ni mtu wa misimamo ya kweli, hata mbele ya familia yake. Maneno hayo bado yapo. Watu wengi wamekuja kwangu kwa sababu yake.

Ile siku nyingine haikuja. Wageni walikuwa wengi, kila wiki nilisema Jumapili, na kila Jumapili palikuwa na kundi. Yeyo hakunidai. Masika yaliyopita nilikuwa kwenye maporomoko ya maji na watu wanne nilipopigiwa simu, na nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunika. Nilikuwa bado nina tope miguuni. Nesi alinionyesha kikapu chake cha nguo, nikakichukua, nikasimama nacho kwenye korido kwa sababu sikujua mtu anakwenda wapi akitoka pale.

Tulimzika Kisongo karibu na baba. Ukoo ulichinja, na sikusema neno. Wale wanawake watano walikaa pamoja kwenye mkeka mmoja kuanzia asubuhi, na hakuna aliyetaja kondoo. Nilimuuliza mjomba kwa nini Yeyo hakuwarejeshea, wakati mimi nilikuwa na uwezo tangu mwaka wa kwanza.

"Alitaka uwapelekee wewe mwenyewe," alisema. "Ukishanyunyiziwa. Hakutaka uende kwao ukiwa bado uko njiani." Safari hii hakucheka. Aliniwekea mkono begani akauacha hapo.

Kwanza nilikwenda na bahasha. Ndani ya kila moja niliweka fedha za kununua kondoo wawili, kwa sababu sikutaka kununua mnyama ninayejua atachinjwa. Mwanamke wa kwanza aliifungua, akaifunga, akanirudishia kwa mikono miwili. "Mama yako ameniita Paker zaidi ya miaka kumi na tano," alisema. "Hizi nitaziitaje?"

Basi nilikwenda mnadani. Muuzaji alinitambua kabla sijafunga mlango wa gari. "Huyu si ndiye yule wa majani? Jamani, leo kaja kununua au kaja kuwaombea msamaha?" Wenzake wakacheka, na haki yao. Aliniambia kondoo wa kurejesha haangaliwi kwa macho, anashikwa mkia. Nikawashika mikia, mmoja baada ya mwingine, nikitafuta mafuta kwa vidole vyangu. Vidole vilikuwa havijasahau. Nilichagua watano ambao hakuna mtu angewacheka, nikawapakia kwenye gari la wageni, kwenye viti vile vile.

Niliwafikisha wote siku hiyo. Nyumba nne za mwanzo zilinipokea vizuri, wakapapasa migongo, wakasema mama yako sasa amepumzika. Ya mwisho ilikuwa ya yule mkubwa kuliko wote, bibi ambaye hata Yeyo alimwamkia shikamoo. Alimzunguka kondoo mara moja akatikisa kichwa kukubali. Nilimuuliza atamfanya nini.

"Nitamchinja Jumamosi. Mjukuu wangu anapata kipaimara," alisema. "Ulitaka nikudanganye?"

Nilisema hapana. Nilikuwa nimeshageuka kuondoka nilipojikuta nimerudi na kumwomba aninyunyizie maziwa. Sikuwa nimepanga. Alinitazama, akaingia ndani, akatoka na kibuyu chake, akang'oa majani kando ya zizi.

"Baraka hii ni ya kondoo," alisema, majani yakiwa bado yako ndani ya kibuyu. "Umenirejeshea, nakubariki kwa hilo. Ya mama yako siwezi kuitoa. Ile alikuwa nayo yeye."

Nikasema nimeelewa. Nikainama kwa sababu alikuwa mfupi. Maziwa yalikuwa baridi, yakapita nyuma ya masikio yakaingia kwenye kola, naye akaomba kwa Kimaa, lugha yetu, haraka haraka, kama mtu anayetimiza wajibu kwa jirani. Alipomaliza nilimshukuru, nikapanda gari tupu lenye harufu ya kondoo, nikaendesha hadi Sombetini bila kujifuta.