Saini Yangu na Wali wa Mzee Kazungu

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo miaka yote hii haijanitoka kichwani. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minane. Nilivaa shati jeupe alilolipiga pasi mama yangu, nikasimama mbele ya wapishi na waosha vyombo ishirini na wawili katika jiko moja kubwa la Al-Murabba, kule Riyadh, lililokuwa likipika chakula cha mafundi wa ujenzi. Mwalimu ndiye mimi. Nilikuja kwa ndege kutoka Jeddah kuwafundisha usalama wa chakula kwa siku mbili. Begini nilikuwa na karatasi, picha kubwa za kubandika ukutani na themomita mbili ambazo, nakwambia kweli, hazikutoka begini hata mara moja.

Nakueleza haya kwa sababu juzi ulikuja kwangu na cheti chako, umefurahi, ukaniambia umepewa mamlaka ya kuwafundisha wafanyakazi wa kiwanda chenu na kuwatilia saini. Nilikupongeza, ukanywa chai, ukaenda zako. Nilipobaki peke yangu nikaona pongezi hazitoshi.

Kwanza ujue nilikuwa mtu wa namna gani. Sisi asili yetu Unguja. Wazee wangu walihamia Jeddah baada ya mapinduzi, mimi nikazaliwa Balad, mtaa wa kale wa mji huo, katika nyumba ya kupanga ya mawe ya matumbawe, ghorofa ya tatu, ngazi zake nyembamba mpaka ukibeba kikapu huna budi kupanda upande upande. Mama alikuwa hataki Kiarabu kiingie jikoni kwake. Alikuwa akisema, "Huko nje semeni mtakavyo. Humu ndani mtu ataniomba chumvi kwa Kiswahili." Siku za Ijumaa alipika wali wa nazi, na nazi zama hizo ilikuwa ya kutafutwa. Baba alikwenda bandarini kuulizia kwa mabaharia. Akirudi na nazi mbili tu, nyumba nzima ilikuwa sikukuu, na harufu ikashuka ngazi mpaka kwa wauza vitambaa chini. Siku hizi nikipita mitaa ile nakuta watu wanapiga picha madirisha ya mbao, nami nasimama kidogo nikijifanya naangalia dirisha, kumbe namtafuta mama.

Lakini shuleni wenzangu walikuwa wakituiga tunavyozungumza nyumbani, wakacheka. Mtoto akichekwa hujifunza kuficha. Nilikificha Kiswahili changu vizuri mno, hata nilipoajiriwa na kampuni ya kupika chakula, nikapelekwa kozi, nikapewa cheo cha mwalimu, hapakuwa na mtu kazini aliyejua kwamba nakisema. Nilikuwa na Kiarabu cha Hijaz na Kiingereza cha kozi, basi. Nikajiona mtu.

Sasa turudi Riyadh. Mbele kabisa darasani alikaa mzee mmoja mwenye mvi, Mkenya wa Kilifi, jina lake Kazungu. Alikuwa amewapikia familia moja nyumbani kwao miaka mingi, kisha kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini kuingia nchini, akamwachia ahamie jiko hilo, miezi michache tu kabla sijafika. Nyumbani alizoea kupika wali unaoliwa ukiwa bado unafuka moshi. Hapa alikabidhiwa masufuria ambayo mtu mzima angeweza kukaa ndani. Alisikiliza kwa bidii, midomo ikichezacheza kama anayehifadhi jambo. Nilikuwa nasema Kiarabu, nikichanganya na maneno ya Kiingereza ili nionekane nimesoma.

Siku ya pili asubuhi akanyanyua mkono. Akasema, kwa Kiswahili safi cha pwani:

"Samahani, mwalimu. Hapo pa kupoza wali mimi sijapashika. Ukishaiva, niufanye nini hasa?"

Vichwa vyote vikanigeukia. Nilihisi joto shingoni. Nilikuwa kama yule mtoto wa shule tena, naona wanangoja kucheka. Nikamtazama kana kwamba sikumwelewa, nikamjibu kwa Kiarabu, "Halas, baadaye," nikageukia picha zangu. Picha moja ilikuwa na sufuria wazi na inzi juu yake, imetiwa alama nyekundu ya kosa. Ya pili ilikuwa na sufuria iliyofunikwa, imetiwa alama ya kijani. Nikazigonga kwa kalamu, nikaendelea.

Hiyo baadaye haikufika. Kanuni ya kazi yetu ilikuwa wazi: mwalimu akae na kila mmoja peke yake, amuulize, amtazame akifanya kwa mikono yake, kisha ndipo atie saini kwamba mtu huyu amefundishwa na amefuzu. Alasiri ile ndege yangu ilikuwa karibu. Meneja wa jiko akaniletea fomu zote kwa pamoja. "Yalla, ustadhi, gari linakungoja." Nikaziweka gotini, nikazitia saini zote ishirini na mbili, nikapanda gari. Wino ulikuwa haujakauka.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, niliitwa ofisini Jeddah. Mafundi wa zamu ya jioni kule Riyadh walikuwa wamekula wali, na kabla hazijapita saa mbili walianza kutapika mmoja baada ya mwingine. Wengi walipata nafuu. Mmoja alikuwa bado hospitalini. Wali ule aliupika Kazungu. Nilitakiwa niende Riyadh, nichunguze, niandike ripoti.

Nilipitia hospitali kwanza. Nilimkuta kijana wa Kinepali, midomo imekauka, ametundikiwa maji ya mshipa, mkono mwingine ameshika picha ndogo ya mtoto. Hatukuwa na lugha ya kuzungumza. Alinitazama shati langu na kitambulisho changu kifuani, akatikisa kichwa kwa heshima, akidhani labda mimi ni daktari. Mwanangu, heshima ile haikuwa yangu.

Jikoni nilimkuta meneja na fomu ya Kazungu mezani. Akaniambia, "Saini yako hii hapa. Alifundishwa, akafuzu, kisha akafanya uzembe. Andika hivyo tu. Ikama yake, kibali chake cha kukaa nchini, tunaifuta, anapanda ndege wiki hii, na mpishi mwingine tunampata kesho." Akanimiminia chai. Nikainywa. Sitakudanganya, nilikusudia kuandika vile vile alivyosema. Nilimfikiria mama, jinsi alivyowatangazia majirani kwamba mwanawe anafundisha Riyadh.

Nikaomba kuzungumza na mpishi. Alikuwa stoo, amekaa juu ya gunia la mchele, nguo zake amezifunga kwenye mfuko wa plastiki. Aliponiona akasimama. Nikamuuliza kwa Kiarabu aliufanya nini wali. Akanijibu kwa Kiswahili.

"Niliupika saa mbili asubuhi, mwalimu. Ukaiva. Nikakumbuka picha yako ya alama ya kijani. Nikaufunika kwa mfuniko, nikaona bado mvuke watoka, nikauzungushia blanketi safi, nililifua mwenyewe. Nikauacha hivyo mpaka jioni. Sikuufunua hata mara moja, inzi wasije wakaingia."

Nilikaa juu ya gunia lingine. Wewe umesoma, unajua. Zipo mbegu za vijidudu ambazo moto wa kupikia hauziui. Ukiufunga wali mwingi kwa blanketi, unapoa polepole mno, unashinda na uvuguvugu, na humo ndimo vinamozaliana na kutia sumu. Hata ukiupasha moto tena, sumu hiyo haiondoki. Yule mzee hakuwa mzembe. Alifanya kwa moyo wake wote kile alichokiona ukutani, na ukutani nilikibandika mimi.

Nikasema, na Kiswahili kikanitoka chenyewe, "Mzee wangu, kwa nini hukumuuliza mtu?"

Hakushtuka hata kidogo. Akasema, "Nilikuuliza wewe."

Akaendelea kwa upole, kama anayemsemesha mgonjwa. "Kiswahili wakijua, nami nilijua kabla sijauliza. Siku ile asubuhi nilipita ofisini na chai, nikakusikia kwenye simu wazungumza na mamako. Wamwambia umekula, asihangaike. Nikafurahi, nikasema leo Mungu ameniletea mwalimu wa lugha yangu. Ndiyo maana nikanyanyua mkono. Uliponitazama vile, nikadhani labda swali langu ni la kijinga, watu wazima hawaulizi hivyo. Basi nikaifuata picha." Akainamisha kichwa. "Mimi kwenda nyumbani si kitu, kijana wangu, kwetu nitalima. Lakini wale watu wangaliweza kufa mikononi mwangu, nami nilikuwa nimeuliza."

Hakuinua sauti, wala hakunilaani. Nimekaripiwa na wakubwa wengi maishani, wengine wakigonga meza, na maneno yao nimeyasahau. Ya mzee yule ninayo.

Nikarudi kwa meneja, nikaandika ripoti kwa mkono wangu mbele yake. Niliandika kwamba Kazungu hakufundishwa kupoza wali, kwamba aliuliza na mwalimu hakumjibu, kwamba mwalimu alitia saini ishirini na mbili bila kumtahini mtu yeyote, na mwalimu huyo ni mimi. Meneja akaisoma mara mbili. "Unajua unajifanyia nini?" Nikamwambia najua, ingawa kwa kweli sikujua.

Niliomba jambo moja tu, asubuhi moja na Kazungu kabla sijaondoka. Akanikubalia, nadhani kwa mshangao. Tukapika wali, sisi wawili, na safari hii themomita zikatoka begini. Nusu ya wali tukauacha ndani ya sufuria umefunikwa, nusu tukautandaza kwenye trei pana, unene wake hauzidi vidole viwili. Kila baada ya muda tukachomeka themomita. Wa kwenye trei ulishuka haraka, tukauingiza kwenye jokofu. Wa kwenye sufuria ulibaki kule kule, vuguvugu, saa baada ya saa. Kazungu akaitazama namba, akaniangalia, akajipiga paja. "Kumbe nilikuwa navitandikia vijidudu kitanda!" Tukacheka, kisha tukaacha kucheka kwa pamoja, nafikiri sote tulimkumbuka yule kijana wa hospitali. Kijana alipona, alhamdulillahi, akarudi kazini siku chache baadaye.

Ikama ya Kazungu haikufutwa. Mimi niliondolewa kwenye ualimu mwaka mzima, nikapelekwa Bandari ya Jeddah kupokea makontena ya kuku na samaki, nipime ubaridi wa kila shehena kabla haijapakuliwa. Nilipomweleza mama kisa chote, nilidhani atasikitikia cheo. Aliendelea kuchambua mchele wake, sinia mapajani, kisha akaniuliza jambo moja, "Mtu mzima alikusemesha kwa Kiswahili, nawe ukamjibu kwa Kiarabu?" Nikasema ndiyo. Sijapata kuona haya kama siku ile.

Niliporudishwa kufundisha, nilikuwa nikianza kwa kuwauliza watu lugha zao, na kwa wale nisioweza lugha yao nilitafuta mwenzao wa kuwafasiria. Kila nilipokuwa na darasa Riyadh nilimwomba Kazungu aje aoneshe mambo ya trei kwa mikono yake, na watu wakimwelewa kuliko walivyonielewa mimi. Alifanya kazi pale mpaka aliposema amechoka, akarudi Kilifi kwa wajukuu zake. Nilimsindikiza uwanja wa ndege. Aliniita mwalimu mpaka dakika ya mwisho, sijui kwa nini.

Sasa sikia, mwanangu, maana hili ndilo nililokuwa nalo. Saini yako ni ushahidi kwamba umeona kwa macho yako mtu akilifanya jambo. Kama hujaliona, usiitie, hata gari likipiga honi nje na mkubwa akigonga saa yake. Mtu akikuuliza mbele ya wenzake, ujue amejikaza kufika hapo, mjibu hapo hapo, na umjibu kwa lugha anayoielewa, hata kama ni ile uliyochekewa utotoni. Kichwa kinachotikiswa kwa kukubali si dalili ya kuelewa. Watu wa mbali na kwao hutikisa kichwa kwa kuogopa kurudishwa. Mpe themomita aishike, mpe sufuria, mwache akosee mbele yako ili asije akakosea mbele ya walaji. Na ukikosa wewe, andika umekosa wewe. Usimtafute mtu mwenye mfuko wa plastiki umbebeshe. Utapoteza kitu, sikufichi. Mimi nilipoteza mwaka. Lakini nililala nikapata usingizi, na kwa mama yangu niliweza kuingia jikoni.

Nenda kafundishe, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe subira ya kurudia neno mara kumi bila kununa. Akulindie mikono ya wote utakaowafundisha, na kila atakayekula kilichotoka kwao ale kwa afya, ashibe, arudi kwa watoto wake salama. Amina.