Kitabu cha Mapishi cha Muuza Nyama

Baba yangu aliuza nyama katika mji wa Meru, na kila asubuhi, kabla ya kumpimia mtu yeyote, alichoma kipande cha ini kwenye jiko la makaa mlangoni na kukila mbele ya wateja. Hivyo ndivyo watu walivyojua kwamba ng'ombe wa siku hiyo hakuwa mgonjwa. Muuza nyama asiyekula nyama yake, nani angenunua kwake? Na miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni, mtu aliyebadilika ghafla, hata kwa jambo la tumboni mwake tu, aliulizwa maswali na watu wenye bunduki.

Ndiyo maana mama aliogopa sana baba aliposhindwa kumeza nyama.

Ilianza siku askari walipomchukua yeye na mkokoteni wake. Kulikuwa na watu waliouawa karibu na msitu, na ilitakiwa waletwe mjini walazwe uwanjani, kila mtu awaone na aogope. Baba aliwabeba. Alirudi jioni, mkokoteni ukiwa hauna lile shuka jeupe la kufunikia nyama, akauosha mara tatu. Mama alimgombeza juu ya shuka, maana lilikuwa jipya. Kesho yake baba alitafuna ini mbele ya wateja, akaenda nyuma ya duka, akatapika. Wiki ya tatu mashavu yalikuwa yamebonyea, na bado kila asubuhi alitafuna na kutapika.

Kwetu Majengo, kisicho na nyama hakikuitwa chakula. Kilikuwa kitu cha kumtuliza mtoto wakati nyama inaiva. Mama alijua kuchemsha maharagwe, basi. Lakini alijua pia kwamba mke wa Mhindi mwenye duka la vitambaa hakuwahi kuonja nyama maishani mwake, na mwili wake ulikuwa umejaa, unang'aa.

"Yule anakula nini?" mama aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyempikia. Akafunga njahi kidogo, yale maharagwe yetu meusi, kwenye pembe ya leso, akanichukua kwa sababu nilikuwa nasoma shule na nilijiona najua kila kitu, tukaenda.

Mama alimwambia yule mama kwamba ana mgeni asiyekula nyama. Sijui kama aliamini. Hakuuliza kitu, alifungua sanduku la bati akatoa vitabu vitatu.

Cha kwanza kilikuwa cha Kiingereza, kina picha. Nilikisoma kwa sauti huku nikijivuna: kabichi ichemshwe, imwagiwe uji wa unga na maziwa. Mama alikunja uso. "Hiki ni cha wagonjwa," alisema. Cha pili kilikuwa cha Kihindi, kipya, na ndani yake mlikuwa na vitu vitamu vitupu. Cha tatu hakikuwa na jalada. Kilikuwa kinene, kimeshonwa kwa uzi mwekundu, na kurasa zake zilikuwa za manjano kwa bizari. Yule mama alikuwa amepewa na mamake siku ya kuolewa.

"Hii iko na yote," alisema. "Majani, viazi, mchele, achari. Ya siku ya kufunga. Ya mama amezaa. Ya nyumba iko na kilio."

Mama alifungua leso, akamwaga njahi mezani. "Na hizi kinazijua?"

Yule mama alizigeuzageuza kwa kidole, akaenda kwenye makopo yake, akarudi na punje ndogo nyeusi, akaziweka kando ya zetu. "Hii ndugu yake," alisema. Akafunua ukurasa, akafunua mwingine, akaendelea kufunua, na zote zilihusu zile punje. Kulikuwa na namna ya kuzisaga, ya kuzichachusha, ya kuzikausha juani, ya kuzikaanga. Nilisimama pale mdomo wazi. Sikujua kwamba duniani kuna watu waliokaa, vizazi kwa vizazi, wakizifikiria punje za namna ile kwa makini kiasi hicho. Niliionea aibu sufuria yetu.

Hata hivyo nilimshauri mama achague cha Kiingereza, kwa kuwa ndicho nilichoweza kusoma.

"Wewe unajua kukisoma," alisema, "lakini chenyewe hakijui kupika."

Akachagua kile ambacho hakuna mtu Majengo nzima angeweza kukisoma. Nilinuna njia nzima.

Kitabu hakikutoka nyumba ile. Kila alasiri tulikwenda, yule mama akakisoma kwa lugha yake, akatueleza kwa Kiswahili chake, nami nikaandika kwenye daftari langu la shule. Mama hakuandika. Alinusa, akaonja, akauliza. Siku moja walisaga njahi kwenye jiwe, wakatia tangawizi, bizari nyembamba na pilipili, wakakaanga vipande bapa. Vilitoka vyeusi, vinang'aa, kingo zimejikunja. Mama aliviangalia kwa muda mrefu. Nami nikaona alichokiona: ini.

Asubuhi iliyofuata baba aliviweka juu ya makaa mlangoni. Alikula kimoja, akangoja. Hakikurudi. Akala cha pili. Mama, aliyekuwa amejificha nyuma ya pazia, alilia na kucheka kwa pamoja. Mwezi ulipokwisha, mashavu ya baba yalikuwa yamerudi. Alikula hivyo mpaka Hali ya Hatari ilipoondolewa, na miaka mingi baadaye, nasi tukajisifu kimoyomoyo kwamba tumeufumba macho mji mzima.

Siku ya matanga ya baba, mzee mmoja wa Mikinduri, aliyekuwa akinunua kwake kila siku ya soko, alikuja kuketi kando yangu.

"Binti, mzee alikuwa anakula ini ya nini?"

Nilisema ya ng'ombe. Alitabasamu.

"Ini ukiweka kwa moto inalia. Inatoa damu. Hiyo ya mzee ilikuwa inakaa tu kimya. Sisi wote tuliona."

Zama zile jirani alimtaja jirani kwa kitu kidogo tu, na neno moja lingetosha kumpoteza baba. "Na hamkusema?"

"Tuseme nini? Ndugu yangu alikuwa kwa hiyo mkokoteni. Pale uwanjani walikuwa wamelala tu hivyo, watu wakiangalia. Mzee alitoa ile kitambaa yake ya nyama akawafunika uso. Askari akampiga, akaitoa. Mzee akawafunika tena."

Nilikwenda jikoni nikamweleza mama yote.

"Nami nilimgombeza juu ya shuka," alisema.

Kisha akaniambia nitoe daftari, na niloweke njahi za kuwatosha watu wote waliokuwa nje.