Kisima Nilichokikumbuka Sana

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Safari yangu ndefu ya kila siku ni kutoka jikoni kwa mama hadi kivuli cha ghala, na hapo kivulini ndipo ninaposomea sayansi kwenye simu. Nilimaliza kidato cha nne na gredi ya fizikia ambayo hata mama hajawahi kuonyeshwa, lakini hilo halijanizuia kuwaelimisha majirani wa hapa Zombe. Wao huniita profesa, na si kwa heshima.

Siku niliyosoma kwamba mchanga wa mto mkavu hutunza maji kwa sababu jua haliyafikii kule chini, nilimkimbilia mama na habari hiyo. Alikuwa anachagua mawe kwenye ndengu.

"Aliyegundua hayo alisoma miaka mingapi?"

"Mingi, mama."

"Pole yake. Si angekuja hapa nimwonyeshe kwa asubuhi moja."

Mwaka jana kiangazi kilipokolea, shimo letu la mtoni lilikauka. Mama akaanza kumfuata punda hadi mto wa mbali, na magoti yake yale. Tumaini lilikuwa mwethya, kikundi cha akina mama wanaochimbiana na kulimiana kwa zamu. Zamu yetu ilikuwa Alhamisi, siku moja tu. Wakichimba pakavu, ingebidi tungoje kila boma lipate yake kwanza.

Kulikuwa na mahali marehemu baba alipochimba katika kiangazi kimoja kibaya, akapata maji ya kijiji kizima. Mama hakupaona, alikuwa ameenda kwao Matiliku kuuguza mamake. Shahidi nilikuwa mimi, mtoto wa miaka saba.

"Ni upande wa chini wa lile jiwe kubwa linalokatiza mto," nikamwambia.

"Chini? Maji hukaa upande wa juu, jiwe likiyazuia."

"Mama, ni mimi niliyekuwepo."

Basi Jumatano, shetani gani sijui akanifungulia makala nyingine. Ilisema akili haiweki kumbukumbu kama picha kwenye albamu. Kila ukikumbuka jambo unalijenga upya, na katika kujenga unaweza kuongeza na kupunguza bila kujua. Kwa hiyo lile ulilolikumbuka na kulisimulia mara nyingi laweza kuwa ndilo lililobadilika zaidi.

Hicho kisima nimekisimulia matangani, harusini, hata kwa fundi wa baiskeli. Kila mara maji yalipanda kidogo: kwanza yalimfika baba magotini, mwisho kifuani. Kifua hicho nilikitunga mwenyewe, nakumbuka siku na mahali. Au je, hiyo siku nayo nimeitunga?

Alhamisi mama alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wakaja akina mama kumi na majembe. Nikajaribu kujitoa.

"Huenda sikumbuki vizuri," nikasema.

"Wacha unyenyekevu, profesa," akasema mwenyekiti wao. "Hata mimi nakumbuka. Chini ya jiwe. Maji yalimfika babako kifuani!"

Wenzake wakaitikia, naam, kifuani. Nikachanganyikiwa kabisa. Mashahidi kumi, na wote walikuwa wamenisikia mimi.

Wakachimba chini ya jiwe. Kufikia saa sita shimo lilikuwa limewameza hadi mabegani na mchanga ulikuwa mkavu kama unga.

"Profesa, hapa umezika nini?" mmoja akauliza kutoka shimoni. "Sisi tunatafuta maji, sio mafuta."

Mama hakucheka. Alikuwa ameketi juu ya mtungi mtupu, anajisugua goti. Akaniita kando.

"Hiyo hadithi yako naijua kuliko wewe. Niambie kitu cha siku hiyo ambacho hujawahi kumwambia mtu."

Kilikuwepo. Nilikuwa nimekificha zaidi ya miaka arobaini.

"Tumbo lilikuwa linaniendesha, mama. Nilikula maembe mabichi."

"Halafu?"

"Baba akanifukuza. Akasema, nenda chini ya jiwe, usituchafulie maji. Nilichuchumaa huko mpaka jioni."

Mama alinitazama, akatazama shimo, akatazama wale kumi. Kisha akapaza sauti hadi ng'ambo ya mto:

"Akina mama, tokeni humo! Hapo palikuwa choo chake!"

Walicheka hadi mmoja akakalia mchanga. Lakini walihamia upande wa juu, na kabla jua halijalegea mwenyekiti akainua jembe lenye mchanga mweusi, uliolowa. Maji yalijikusanya polepole, hata kifundo cha mguu hayakufika. Mama akateka kikombe cha kwanza, akanywa, akasema, "Magoti, pumzikeni."

Sasa hadithi ni yao. Wiki iliyopita sokoni niliisikia: naharisha siku tatu, baba ananibeba mgongoni, na maembe yamegeuka mapapai. Cha kutisha ni kwamba nimeanza kuonja hayo mapapai.

Siri nyingine ya siku ile ya kunisahihisha sina, hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho. Kwa hiyo nilibeba nyundo na patasi, nikaenda mtoni peke yangu, safari yangu ndefu zaidi mwaka huu, nikachonga mshale kwenye jiwe ukielekea upande wa juu, wa maji. Mama alikuja kuukagua.

"Mzuri," akasema. "Una hakika huko ndiko juu?"

Nikageuka kuutazama mto mkavu, usio na maji ya kuonyesha yanakoelekea, nikautazama tena.